Alfajiri, mchana au usiku: saa ipi ya kuandika ukiwa na watoto wadogo Nyanda za Juu Kusini

Mzazi mwenye mtoto wa chini ya miaka sita anayeandika hadithi, mashairi au riwaya amebakiwa na mianya mitatu katika siku: kabla watoto hawajaamka, wakiwa wamelala mchana, na baada ya kulala usiku. Ushauri unaosambaa sana ni "amka alfajiri", basi. Kwa mtu wa Mbeya, Iringa, Njombe au Tukuyu ushauri huo haujakamilika. Huku kuna baridi ya Juni mpaka Agosti, kuna mashamba, kuna nyumba za kupanga za chumba na sebule ambamo mtu mmoja akikohoa wote wanasikia. Jua nalo linachelewa kuliko Dar es Salaam. Mwezi wa sita, Mbeya, jua huchomoza karibu saa 1:00 asubuhi; Novemba hutoka kama saa 12:15. Watoto wengi huamka na mwanga, kwa hiyo alfajiri ya Juni inakupa karibu dakika 45 zaidi ya alfajiri ya Novemba, na ndiyo hiyo hiyo yenye baridi ya kukaza vidole.

Kipimo tunachokitumia hapa si dakika ngapi utapata. Ni mara ngapi utakatizwa, na ukikatizwa itakuchukua muda gani kurudi ulipokuwa. Anayeandika riwaya akiitwa "mama, maji!" hapotezi dakika mbili za kuchota maji tu. Anapoteza pia muda wa kukumbuka nani alikuwa anazungumza, kwa hasira ya namna gani, na sentensi ilikuwa inaelekea wapi. Nusu saa isiyoguswa huzaa kurasa nyingi kuliko saa mbili zilizokatwakatwa. Mengine yote yanafuata hapo.

Alfajiri

Saa 11 hakuna mgeni anayebisha hodi, hakuna simu inayoita, na kichwa bado hakijajaa ada, mkaa na homa ya mtoto wa jirani. Kwa kuandika kitu kipya, yaani ukurasa ambao jana haukuwepo, hakuna saa inayoishinda hii. Lakini ina masharti.

Sharti la kwanza ni umri wa mtoto. Mtoto anayenyonya na kulala na mama hulala usingizi mwepesi zaidi kadiri kunavyokaribia kucha, na mama akiondoka kitandani ubaridi unaingia pale alipokuwa. Dakika kumi baadaye mtoto ameamka na anatafuta ziwa. Kwa mama wa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, alfajiri mara nyingi ni kujitesa bure. Baba anaweza kuitumia, mama asubiri. Mtoto akishafika kama miaka miwili na nusu na analala mpaka asubuhi, mlango unafunguka.

Sharti la pili ni usingizi wa mzazi mwenyewe. Anayetaka kuamka saa 10:30 na kupata saa saba za usingizi lazima alale saa 3:30 usiku. Anayelala saa 6 akaamka saa 11 ataandika siku tatu nne, kisha kichwa kitauma, atawakaripia watoto, na wiki ya pili ataacha na kujiona mvivu. Si mvivu, amekosa usingizi tu.

Sharti la tatu ni kwamba alfajiri hutayarishwa jioni. Ukiwa na mtoto wa darasa la kwanza anayetoka nyumbani saa 12:30, kazi yako ya kuandika inakoma saa 12 kasoro dakika tano. Sare iwe imepigwa pasi jana yake, viatu vimepigwa kiwi, viazi vimemenywa na kulowekwa kwenye maji, unga wa uji umepimwa. Chai ichemshwe usiku na kutiwa kwenye chupa. Chupa ya lita moja ambayo kioo chake cha ndani ni kizima, ikisuuzwa kwanza kwa maji ya moto ndipo ijazwe, saa 11 bado itakupa chai ya kunyweka. Faida yake kubwa ni ukimya: hakuna sufuria la kugonganisha wala kiberiti cha kuwasha. Bawaba za mlango unaolia zipake tone la mafuta ya kula. Taa ya dari usiiwashe kama sebule na chumba vimetenganishwa na pazia tu. Taa ndogo ya sola au ya kichwani, ikielekezwa ukutani au kwenye karatasi, inatosha.

Hapa kuna jambo la kusemwa kwa mkazo, kwa sababu linaua watu. Baridi ikizidi, usiingize jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili upate joto la kuandikia. Wengi huamini kwamba mkaa ukishakolea na moshi ukaisha, hatari imekwisha. Sivyo. Mkaa uliokolea unaendelea kutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Aliye macho huanza kuumwa kichwa na kusinzia, na huenda akadhani ni uchovu wa kuamka mapema. Waliolala hawapati hata onyo hilo. Joto litafutwe kwenye nguo: soksi mbili, sweta, kofia ya kufuma, blanketi lililokunjwa miguuni kwa sababu sakafu ya saruji ndiyo inayonyonya joto kuliko kitu kingine, na glovu zilizokatwa ncha za vidole gumba na shahada. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kanga, ukiiweka mapajani, inasaidia mkono usikakamae.

Alfajiri ina adui mwingine ambaye ushauri wa mijini hauna habari naye, nao ni msimu. Mvua zikianza Novemba, wenye shamba wanatoka saa 12 au kabla, na hali hiyo inakwenda mpaka palizi iishe. Usijiwekee ratiba moja ya mwaka mzima. Mwandishi wa Uyole au Mafinga mwenye ekari mbili za mahindi ana mwaka wa vipande viwili, na kipande cha kilimo aandike usiku au aandike ushairi.

Usiku

Usiku ndio unaomfaa mama wa mtoto mchanga kuliko alfajiri, kinyume na wengi wanavyodhani. Mtoto wa miezi michache, akishalala baada ya kunyonya jioni, kipande chake cha kwanza cha usingizi mara nyingi ndicho kirefu na kizito kuliko vyote vitakavyofuata. Kama amelala saa 2:30, kati ya saa 3 na saa 4 una nafasi nzuri ya kutoguswa. Usiichelewe kwa kuanza na vyombo. Ukiosha vyombo kwanza, utakaa mezani wakati kipande kile kinakaribia kwisha.

Udhaifu wa usiku ni kwamba anayekaa kuandika ni mtu aliyechoka. Sentensi mpya hutoka zikiwa nzito, na mara nyingi kesho utazifuta. Kwa hiyo, kama una mianya miwili tofauti katika wiki, gawa kazi: mambo mapya yaandikwe unapokuwa na nguvu, usiku ubaki wa kunakili, kuhesabu mizani, kusahihisha tahajia, kupanga sura, kuandika barua ya kumtumia mchapishaji. Hizo zinavumilia uchovu. Kama usiku ndio pekee ulio nao, andika kipya kwanza kwa dakika 25 na usahihishe baadaye. Usianze kwa kusoma ulichoandika jana, kwa maana utasinzia juu yake.

Usiku pia ni saa ya mwenza, ya taarifa ya habari, ya mgeni anayepitia. Asiyesema mapema atapata maneno. Chagueni siku pamoja, tuseme Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, na zisemwe kwa sauti ili ziwe za nyumba nzima. "Baba Upendo, leo ni Jumatano yangu, Upendo akiamka utamchukua wewe," inatosha, lakini isemwe wakati wa chakula, si wakati mtoto ameshaanza kulia. Na siku za mwenza ziwepo pia, za kwenda kwaya, kuangalia mpira au kulala mapema. Nyumba inayompa mmoja nafasi bila kumpa mwenzake haidumu na ratiba hiyo hata miezi miwili.

Umeme ukikatika, mshumaa kando ya karatasi na chandarua si wazo zuri. Chaji simu na taa ya sola kabla ya saa 12 jioni kila siku ya kuandika, hata kama umeme upo.

Mchana

Huu ndio mwanya unaodanganya kuliko yote, maana ukiangalia hesabu unaonekana mkubwa. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji usingizi wa saa 12 hadi 16 kwa siku, wa mwaka 1 hadi 2 saa 11 hadi 14, na wa miaka 3 hadi 4 saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwamo. Mzazi anasoma hapo anaona saa nyingi za bure. Lakini usingizi wa mchana wa mtoto mdogo unakuja vipande, na kipande cha dakika 40 hakikuambii mapema kwamba kitakuwa cha dakika 40. Baada ya miaka mitatu wengi huanza kuuacha kabisa.

Kinachokwamisha watu ni mpangilio. Mtoto akisinzia, mkono unakwenda kwenye nepi na vyombo. Dakika 25 baadaye nyumba ni safi, mzazi anakaa, anafungua daftari, mtoto anaamka. Geuza: dakika ya kwanza ya usingizi ni ya daftari. Nepi zinaweza kufuliwa mtoto akiwa macho anacheza na beseni kando yako, chini ya macho yako, riwaya haiwezi.

Kuna mtoto anayelala akiwa mgongoni mwako tu, na ukimshusha anaamka. Basi simama. Juu ya kabati la vyombo au friji kuna kimo kizuri cha kuandikia ukiwa umesimama na mbeleko, na ukitikisika kidogo kidogo mtoto anaendelea kulala. Kurekodi sauti kwenye simu kunafaa pia, isipokuwa msimu wa mvua chini ya bati. Tukuyu, ambako mvua ni ya karibu mwaka mzima, utarekodi ngurumo ya bati na usisikie neno lako hata moja.

Chungu cha maharage kinaweza kuwa saa yako ya mchana. Mbeya iko juu ya usawa wa bahari kama mita 1,700, na kwa kimo hicho maji huchemka kwa nyuzi joto 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage huku yanachukua muda mrefu kuliko pwani. Yaloweke usiku kucha, yabandike mtoto anaposinzia, na weka kengele ya simu kila dakika 30 ili uongeze maji. Bila kengele yataungua, kwa sababu anayeandika vizuri hasikii harufu mpaka imefika sebuleni.

Kumpa mtoto simu aangalie katuni ili wewe uandike kuna mipaka. Shirika hilo hilo halipendekezi skrini kwa walio chini ya miaka miwili, na kwa wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Kuna na ugumu wa kawaida kabisa: katika nyumba nyingi simu ya katuni ndiyo simu ya kuandikia.

Neno kuhusu likizo ya uzazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 zenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Wengi huipangia riwaya. Wiki sita za kwanza zisahau. Mwili unapona na usingizi hauna mpangilio. Kinachowezekana ndani ya kipindi hicho ni maelezo mafupi ya sentensi mbili tatu, yakiandikwa kwa kidole gumba kimoja wakati mtoto ananyonya, na hayo yakitunzwa yana thamani kubwa baadaye.

Ikiwa una dada wa kazi, bibi au jirani wa kumwachia mtoto, au mtoto ameanza chekechea na hayupo mpaka saa 5 au 6, mchana unapanda ghafla na kuwa sawa na alfajiri. Lakini uondoke machoni pake. Mtoto anayekuona hajui kwamba haupo.

Daftari, simu au kompyuta

Kaunta buku ya kwaya mbili, kurasa 192, ndiyo inayovumilia kukatizwa kuliko vyote. Haina chaji, inafungwa na kufunguliwa kwa sekunde moja. Andika ukurasa wa kulia tu, wa kushoto uachie masahihisho. Ukisikia mtoto anaanza kujinyoosha, usikimbilie kumaliza aya. Acha katikati ya sentensi, na pembeni andika maneno matano ya kinachofuata: "anamficha barua, mvua inaanza". Maneno hayo matano ndiyo yanayofupisha muda wa kurudi. Daftari likae juu ya kabati, kimo asichofikia mtoto hata akipanda kiti, kwa maana karatasi iliyoandikwa ndiyo inayomvutia kuchora, si ile tupu. Mpe lake na penseli yake.

Simu inashinda pale mkono mmoja umeshikwa na mtoto. Ina madhara mawili: ujumbe unaoingia, na programu iliyowekwa Kiingereza inayobadilisha maneno ya Kiswahili kimya kimya. Weka hali ya ndege, zima usahihishaji wa moja kwa moja, na kila Jumapili jitumie nakala kwa barua pepe, maana simu ya nyumba yenye watoto siku moja itaingia kwenye ndoo.

Kompyuta iachie hatua ya mwisho. Inachukua muda kuwaka, inaita vidole vidogo, na chai moja iliyomwagika inatosha kuimaliza. Asiye nayo anaweza kuchapisha mswada steshenari kwa malipo ya kila ukurasa. Ahakiki neno kwa neno kabla ya kulipa.

Unachoandika kinabadilisha jibu

Shairi la arudhi, yaani linalofuata kanuni za vina na mizani, ndilo linalostahimili vurugu. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, kila mmoja mizani 16, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Muundo huo wenyewe ni kumbukumbu: unaweza kuutunga mdomoni ukiteka maji au ukisubiri daladala Mwanjelwa, ukaubeba mpaka jioni bila kuandika. Mizani ikipungua utaisikia. Kwa mzazi wa watoto wawili chini ya miaka minne na asiye na msaidizi, tunashauri ushairi bila kusita, mchana au usiku.

Hadithi fupi ya maneno 2,000 inahitaji mwanya wa uhakika, lakini si wa kila siku. Riwaya inahitaji mwanya ule ule, siku zinazofuatana, na hapo alfajiri haina mpinzani. Maneno 200 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni 1,000. Wiki 50 ni 50,000. Hiyo ni rasimu ya riwaya kamili. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyotoa zawadi zake za kwanza Aprili 2023, inapokea mswada uliokamilika, na mzazi mwenye sura tatu nzuri za riwaya nne tofauti hana cha kupeleka.

Hadithi za watoto zina njia yake, maana saa ya kuwalaza ndiyo saa ya kutunga. Zima taa, "Hadithi, hadithi!", wanaitikia "Hadithi njoo!", na unasimulia rasimu. Rudia hadithi hiyo hiyo usiku tatu. Mtoto wa miaka minne atakusahihisha ukibadilisha jina la fisi, na pale anapouliza "kwa nini hakukimbia?" ndipo palipo na tundu kwenye kisa chako. Wakishalala, andika mara moja kwa dakika kumi, kabla ya kitu kingine chochote. Visa vya bibi kwa Kihehe, Kinyakyusa au Kibena visimuliwe kwanza kwa lugha hiyo. Mpigo wa sentensi utakaoupata hapo utaupeleka kwenye Kiswahili chako.

Ukikwama kati ya mbili

Tazama umri wa mdogo kuliko wote, si wa mkubwa. Chini ya mwaka mmoja: usiku kwa mama, alfajiri kwa baba. Mwaka mmoja mpaka miwili na nusu: mchana, ukianza na daftari kabla ya nepi, na ushairi kuliko riwaya. Kuanzia hapo, kama unaweza kulala saa 3:30 usiku, alfajiri. Asiyeweza kulala mapema kwa sababu ya biashara ya jioni au zamu asijilazimishe. Usiku mara tatu kwa wiki utamfikisha.

Ijaribu saa uliyochagua kwa wiki mbili mfululizo, na kwenye kalenda ya ukutani weka alama siku ulizokaa mezani, si idadi ya maneno. Zikiwa chini ya sita kati ya kumi na nne, hamisha saa. Usiongeze dakika wala usinunue daftari jipya. Na jaribio hilo lisifanywe wiki ya mitihani ya mkubwa, mtoto anapoota meno, au wiki mbolea imefika na mvua imenyesha, maana matokeo yake hayatakuambia kitu.